Jino Bovu: Ling'olewe au Litibiwe?

Wasikilizaji wetu, ziko mithali mbili za Kiswahili zinazoshindana juu ya jambo tutakalozungumza leo. Ya kwanza husemwa kila siku: Dawa ya jino ni kung'oa. Ya pili haitajwi mara nyingi kama ile, lakini wazee waijua sana: Jino la pembe si dawa ya pengo. Mtu anayeumwa na jino usiku kucha huikumbuka ile ya kwanza; ya pili huikumbuka baada ya miaka, atafunapo muhogo wa kuchoma kwa upande mmoja wa kinywa. Leo twataka kuzipima mithali hizi mbili, tuone kila moja ina haki mahali gani, ili mtu afikapo mbele ya daktari wa meno ajue la kuuliza kabla koleo halijashika jino.

Yatupasa kwanza kujua jino ni kitu gani. Jino si jiwe lililopandwa katika ufizi. Kwa nje limevikwa ganda jeupe, gumu kupita kitu cho chote kilicho mwilini. Chini ya ganda hilo kuna kitu mfano wa mfupa, chenye rangi ya manjano kidogo. Na katikati kabisa mna chumba kidogo chenye nyama laini, yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo kiini cha jino. Kiini hushuka ndani ya mizizi kwa njia nyembamba sana, na katika ncha ya mzizi huungana na mwili. Meno ya mbele aghalabu yana mzizi mmoja mmoja. Gego la kwanza la chini lina mizizi miwili, na la juu mitatu. Na njia za ndani huwa tatu, pengine nne.

Zamani watu wa nchi nyingi waliamini ya kuwa jino huliwa na mdudu. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, aliikataa habari hiyo, kwa maana alimtafuta mdudu huyo asimwone. Mwaka 1890 Mmarekani W. D. Miller, aliyefanya kazi yake Berlin, alieleza sababu yenyewe: vijidudu vya kinywani, visivyoonekana kwa macho, hula sukari na wanga uliobaki katika meno na kuugeuza kuwa maji makali mfano wa siki. Ukali huo ndio unaolila jino kidogo kidogo.

Tundu likiwa dogo, jino halina haja ya kung'olewa wala kutibiwa mzizi. Husafishwa na kuzibwa, basi. Lakini likiachwa, uchafu hukikaribia kiini. Hapo maji ya baridi huuma, na maumivu hukoma mara tu maji yakiisha. Baadaye kiini huvimba ndani ya chumba chake kisichoweza kutanuka, na maumivu huja yenyewe usiku, yakapiga kama ngoma. Kisha siku moja maumivu hukoma. Wengi hushukuru wakidhani jino limepona, kumbe kiini kimekufa. Kitu kilichokufa ndani ya jino huoza, vijidudu hushuka hata ncha ya mzizi, na huko usaha hukusanyika.

Jino likifika hapo, njia ni mbili tu: kulitibu mzizi, au kuling'oa. Kumeza vidonge vya kuua vijidudu peke yake si njia ya tatu, maana dawa huchukuliwa na damu, na damu haifiki tena ndani ya kiini kilichokufa. Vidonge huweza kuutuliza uvimbe kwa siku chache, lakini chanzo chake kipo pale pale. Wala tusitie katika tundu maji ya betri au mafuta ya taa. Vitu hivyo huunguza ufizi na kuliacha jino na ubovu wake.

Kutibu mzizi hufanywa hivi. Daktari hupiga sindano ya ganzi. Dawa inayotumiwa sana ni lidokaini, iliyotengenezwa kwanza Uswidi mwaka 1943 na Nils Löfgren. Kisha hulizungushia jino kitambaa chembamba cha mpira, ili mate yasiingie na vyombo visianguke kooni. Hutoboa jino kwa juu, hukitoa kiini, na kwa visindano vyenye meno mfano wa tupa husafisha kila njia ya mzizi hata karibu na ncha, akiiosha kwa dawa ya kuua vijidudu. Hutazama kazi yake kwa picha ya eksirei, maana mzizi umefichwa ndani ya mfupa. Mwisho huzijaza njia zile kwa gataperka, utomvu mgumu wa miti ya Malaya na visiwa vilivyo karibu. Utomvu huo ndio uliofunika pia waya za simu za baharini katika karne ya 19, kama ule uliofikishwa Unguja mwaka 1879. Maji ya bahari hayakuupenya. Kazi hii huweza kwisha siku moja, au ikahitaji kurudi mara mbili au tatu.

Liko jambo ambalo watu hulisahau. Gego lililotibiwa mzizi limekwisha kutobolewa na kupunguzwa, basi hupasuka kwa urahisi likitafuniwa kitu kigumu. Kwa hiyo aghalabu yafaa livikwe kofia inayolifunika lote. Asiyelivika gego lake kofia huweza kulipoteza jino na fedha yake pamoja.

Wako wanaoogopa ya kuwa jino lililokufa likiachwa kinywani hutia sumu mwilini. Hofu hii ina historia yake. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alitoa hotuba Montreal, katika Kanada, akishutumu kazi chafu za meno zilizofunika usaha chini yake. Baada ya hotuba ile madaktari wengi walishika fikira ya kuwa meno yaliyokufa huleta magonjwa ya viungo na ya mwili mzima, na watu wengi sana waling'olewa meno bila faida, wakabaki na magonjwa yao vile vile. Baadaye uchunguzi uliishinda fikira hiyo. Jino lililosafishwa na kuzibwa vema si sumu. Linalodhuru ni lile lenye usaha lililoachwa bila kutibiwa.

Sasa tutaamuaje? Wengi huyafanya maumivu kuwa hakimu: yakizidi, husema, "Ling'oeni!" Lakini maumivu hayafai kuwa hakimu katika shauri hili, kwa sababu njia zote mbili huyaondoa. Daktari akilifungua jino na kukitoa kiini kilichovimba, maumivu hupungua kama yapunguavyo kwa kung'oa. Hata usaha katika ncha ya mzizi, peke yake, si hukumu ya kung'oa. Yafaa basi tuulize maswali manne.

La kwanza: Je, jino lililobaki latosha? Jino lililovunjika hata chini ya ufizi, au ambalo mzizi wake umepasuka kwa urefu, halina pa kushika kofia. Hili ling'olewe.

La pili: Je, mfupa wa taya walishika? Jino linalotikisika sana kwa ugonjwa wa ufizi ni kama nguzo iliyoliwa udongo wake. Kuitengeneza nguzo hakufai kitu ikiwa ardhi imekwisha.

La tatu: Jino hili lina kazi gani? Gego la mwisho, lile liotalo utu uzimani, mara nyingi huweza kung'olewa bila hasara kubwa. Lakini jino la mbele, au gego la kwanza litafunalo kila siku, lina thamani nyingine. Baada ya kung'oa, mfupa wa mahali pale hupungua, meno ya jirani huinamia pengoni, na la upande wa pili, lisipopata la kukutana nalo, huanza kutokeza.

La nne, na wengi huona haya kulisema: Je, nitaweza kuimaliza kazi hii? Kutibu mzizi hutaka fedha zaidi, na mganga mwenye vyombo, ambaye mara nyingi yuko mjini. Kuanza na kuacha katikati ni kubaya kuliko kutoanza. Dawa ya kuziba ya muda hulika, mate huingia, na usaha hurudi. Mtu akaaye mbali, asiyeweza kurudi wala kulipa kofia, akichagua kung'oa gego la nyuma, hakufanya ujinga. Amepima mambo yake.

Na tuone mifano. Mvulana wa miaka 17 ameanguka mpirani, na jino lake la mbele likageuka rangi kuwa jeusi. Mzizi ni mmoja, na jino ni zima. Kulitibu ni jambo jepesi kwa mwenye vyombo, na kijana atakuwa na jino lake mwenyewe. Mkulima ana gego lililobaki vipande viwili chini ya ufizi: kwake mithali ya kung'oa ina haki yote. Mama akaaye mjini ana gego la kwanza lenye tundu kubwa, lakini kuta zake zimesimama: huyu na aulize habari ya kutibu mzizi kabla ya kukubali koleo.

Wazazi na wanafunzi, hapa twaomba msikilize sana. Gego la kwanza la utu uzima huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma ya meno ya utoto, na halisukumi jino lo lote litoke. Kwa hiyo wengi hudhani ni jino la utoto, wakasema, "Na ling'olewe, litaota jingine." Halitaota. Meno ya utoto ni 20 tu, na gego hilo si katika hesabu yao. Mtoto akilalamika juu yake, na apelekwe mapema, lingali likiweza kuzibwa.

Atakayeng'olewa jino na aume pamba safi ya hospitali kwa nusu saa, wala asisukutue siku ile, maana damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda. Asivute tumbako, na tangu siku ya pili asukutue polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa kisukari, atumiaye dawa za kuzuia damu isigande, na mja mzito, na wamwambie daktari mapema, njia yo yote watakayoichagua.

Hatari kubwa kuliko zote ni kutofanya neno. Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza uvimbe mbaya chini ya taya, nao aghalabu hutoka katika gego bovu la chini. Uvimbe huo huweza kuziba njia ya pumzi na kuua. Mtu akivimba chini ya taya au shingoni, akashindwa kufumbua kinywa au kumeza mate, akawa na homa, au akapumua kwa shida, asingoje mapambazuko. Apelekwe hospitali usiku ule ule.

Kwa wengine wote, wakati ungalipo wa kuuliza. Mkifika kwa daktari wa meno, msianze kwa kusema, "Nimekuja kung'olewa." Semeni, "Jino hili laniuma. Je, lafaa kuponywa, au limekwisha? Na likiponywa, ni safari ngapi, na gharama yake yote, pamoja na kofia, ni kiasi gani?" Akiwajibu hayo, mtakuwa na mambo yote ya kuamulia. Na walio na tundu dogo lisilouma bado, waende wiki hii hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kinywa, ukuta ulioanguka haujengwi tena kama ulivyokuwa.