Je, Wajua? Kinanda cha Mwomboko na Njuga za Kathak

Je, wajua kwamba akodiani, kinanda cha dansi ya Kikuyu ya mwomboko unachokisikia Mukurweini, Kenya, na hamoniamu inayomsindikiza mchezaji wa dansi ya kathak kule India ni ndugu? Akodiani ilisajiliwa Vienna mwaka 1829 na Cyrill Demian. Hamoniamu ikafuata Paris mwanzoni mwa miaka ya 1840, mikononi mwa Alexandre Debain. Ndani ya vyote viwili mna vilimi vyembamba vya madini. Mvukuto ukisukuma upepo, vilimi vinatetema na sauti inatoka.

Hamoniamu ya Ulaya ilikuwa kubwa, ya kukanyagwa kwa miguu. Mwanamuziki wa India hupiga akiwa ameketi chini, kwa hiyo mnamo 1875 fundi Dwarkanath Ghose wa Calcutta aliipunguza na kuitia mvukuto wa mkono upande wa nyuma. Mkono mmoja unapuliza, mwingine unacheza. Akodiani iliyofika milima ya Wakikuyu haikubadilishwa umbo. Ilibadilishwa kazi. Mwomboko, uliovuma miaka ya 1940, ulichukua dansi ya Kizungu ya wawili wawili ukaishusha ardhini: hatua mbili, kisha magoti yanakunjwa. Pembeni ya mpiga kinanda yupo anayegonga karing'aring'a, pete ya chuma isiyo na urembo wowote, na bila yeye dansi haina uti wa mgongo.

Hapo ndipo ninapoiona bharatanatyam, dansi ya kusini mwa India. Ngoma ya mridangam ipo, mwimbaji yupo, lakini nyayo za mchezaji zinaongozwa na mtu aliyeketi kando na matoazi mawili madogo, moja la chuma cha pua na jingine la shaba. Ndiye anayetamka silabi za mapigo, na chuma chake hakikosei.

Je, wajua kwamba hamoniamu ilifukuzwa redioni? Redio ya taifa ya India iliipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971, kwa hoja kwamba noti zake zimekwama mahali pamoja ilhali raga, mahadhi ya muziki wa India, hutaka sauti inayoteleza. Wakikuyu walikuwa wameshaonja marufuku ya aina nyingine: Muthirigu, wimbo uliochezwa kuwapinga wamishonari katika mzozo wa tohara ya wasichana, ulizuiwa na serikali ya kikoloni mwaka 1930.

Njuga nazo. Mcheza kathak hufunga kengele mia moja au zaidi kwenye kila mguu, zikiwa zimesukwa katika kamba, na hujifunza kukanyaga hadi aweze kuliza kengele moja tu kati ya zote. Vijana wa Kikuyu walicheza na njingiri miguuni, za chuma, kazi ya wahunzi walioosha mchanga wa mitoni ili kupata madini yake.

Kwingine tamaduni za mbali kama hizi zimeshakutana. Mwaka 1923 Uday Shankar alicheza London na Anna Pavlova, nyota wa baleti kutoka Urusi. Mwaka 2014 Akram Khan wa kathak alipanda jukwaani na Israel Galván wa flamenko katika Torobaka. Mombasa, mwimbaji wa taarab Juma Bhalo alitia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi hadi mashabiki wakayaona ni ya kwao tangu zamani. Na huko Gujarat, Wasidi, wazao wa watu waliotoka Afrika, bado wanacheza dansi wanayoiita goma. Neno hilo halihitaji mkalimani kwetu.

Kathak na mwomboko mimi ningependa sana kuviona pamoja uwanjani Mukurweini, na hesabu inakubali. Mzunguko mkuu wa kathak, tintal, una mapigo 16. Ukihesabu hatua mbili na mkunjo mmoja wa mwomboko kuwa mapigo matatu, mikunjo 16 ni mapigo 48, yaani tintal tatu kamili. Na kathak hufunga safu zake kwa tihai, kifungu kinachorudiwa mara tatu ili kiangukie pigo la kwanza. Tihai ya urefu huo ikianza na kinanda, mzee anayecheza mwomboko atakuwa anainuka kutoka mkunjo wake wa 16 wakati njuga zinapolia pigo la 49, na wote wawili watakanyaga pamoja.