Kizazi kikiteremka: Krimu ya homoni ni msaada, si tiba kamili

HUENDA unamjua mama wa aina hii, au huenda ni wewe mwenyewe. Amezaa watoto sita au saba. Hedhi yake ilikoma miaka kadhaa iliyopita. Kila jioni, baada ya kuchota maji au kubeba kuni, huhisi uzito chini ya kitovu, kana kwamba kuna kitu kinachotaka kutoka. Akioga, mkono wake hugusa nyama laini kwenye mlango wa uke. Huirudisha ndani kwa kidole, akajifunga leso yake na kunyamaza.

Mwambie mama huyo kwamba hajalogwa, na kwamba hayo hayakumpata kwa sababu ya mwenendo mbaya. Kizazi chake kimeteremka, na kuna wengi kama yeye.

Kizazi, kibofu cha mkojo na sehemu ya mwisho ya utumbo hushikiliwa na misuli na kano zilizotandazwa chini ya nyonga, mithili ya kamba za kitanda. Kila uzazi huzilegeza kamba hizo kidogo, hasa uchungu ukichukua muda mrefu au mtoto akiwa mkubwa. Mizigo mizito, kikohozi kisichokwisha, kufunga choo na unene wa kupita kiasi huzidisha mambo. Wakati mwingine kinachoteremka si kizazi bali ni kibofu, kikisukuma ukuta wa mbele wa uke. Hapo mkojo humsumbua mama: ama hauzuiliki, ama hautoki wote.

Lakini mbona aghalabu taabu hii hujitokeza wazi baada ya hedhi kukoma? Hapa ndipo homoni inayoitwa estrojeni inapohusika. Hutengenezwa na ovari, na ndiyo huifanya ngozi ya uke iwe nene, yenye unyevu na damu ya kutosha. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Homoni ikipungua, ngozi hiyo huwa nyembamba na kavu, huwasha na kuchubuka upesi. Nyama iliyotoka nje ikisuguana na nguo, huweza kufanya vidonda.

Kwa sababu hiyo madaktari walijiuliza: tukimrudishia mama estrojeni, je, kamba hazitakaza? Wazo lilikuwa zuri, lakini matokeo hayakuwa hivyo. Mwaka wa 2023 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Marekani kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, waliokuwa wakingojea upasuaji wa tatizo hili. Baadhi yao walipaka krimu ya estrojeni ukeni na wengine krimu isiyo na dawa, kuanzia angalau majuma matano kabla ya upasuaji hadi mwaka mmoja baadaye. Krimu ya homoni haikuzuia tatizo kurudi. Hata hivyo, wale waliokuwa wakisumbuliwa na ukavu walipata nafuu zaidi kwayo.

Kwa hivyo, msomaji, mtu akikuuzia krimu akidai itapandisha kizazi, anakudanganya.

Kazi yake hasa ni kusaidia matibabu mengine. Chukua mfano wa pete ya silikoni ambayo daktari au muuguzi aliyefunzwa huiweka ukeni ili izuie viungo visishuke. Pete hii huwafaa sana akina mama wasiotaka upasuaji au wasioweza kufanyiwa. Lakini ngozi ikiwa kavu, pete huikwaruza hadi ikatoka damu. Krimu huiimarisha ngozi ili iweze kuivumilia pete. Kwa kawaida krimu, au kidonge kidogo cha kuingizwa ukeni, hutumiwa kila siku kwa majuma mawili, kisha mara mbili kwa juma. Pete nayo sharti itolewe, ioshwe na mama akaguliwe mara kwa mara. Pete iliyosahauliwa ndani kwa miaka ni hatari.

Usichanganye dawa hizi na vidonge vya kumeza. Mwaka wa 2002 utafiti mkubwa wa vidonge vya estrojeni na projestini huko Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati wake, baada ya kuonekana kwamba viliongeza saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Krimu ya kipimo kidogo huingia kwenye damu kidogo sana. Hata hivyo, ikiwa umewahi kuugua saratani ya matiti, mwambie daktari kwanza. Na tafadhali usimeze vidonge vya binti yako vya kupanga uzazi ukidhani ni kitu kilekile.

Tatizo likiwa bado changa, mazoezi husaidia. Kaza misuli kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu polepole, kisha legeza. Fanya hivyo mara kadhaa, asubuhi, mchana na jioni, kwa muda wa miezi minne hivi bila kukata tamaa. Tibu kikohozi na ule mboga na matunda ili choo kiwe laini. Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu, mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20. Ubebeni ninyi.

Yote hayo yakishindwa, kuna upasuaji, ingawa kwa wengine tatizo hurudi baadaye.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukishindwa kukojoa, nyama ikikataa kurudi ndani au ikifanya vidonda. Damu yoyote ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, ichunguzwe kabla ya kupewa homoni, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani. Na ukifika kwa daktari, usiseme tu kwamba mgongo unauma, ukarudi nyumbani na dawa za maumivu. Sema wazi kwamba kuna kitu kinatoka ukeni, na uombe upimwe.