Asasi za kuwahudumia wapiganaji wa zamani Kyela zinavyoweza kupata ruzuku

ASKARI wa Tanzania walipoingia Kampala Aprili 11, 1979, miongoni mwao walikuwamo mgambo walioitwa kutoka vijijini ili kuongeza nguvu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Jeshi hilo, ambalo kabla ya vita vya Kagera lilikuwa na askari wasiofikia 50,000, lilipanuka hadi kupita 100,000. Vita vilipokwisha, wengi walirejea makwao kushika jembe na nyavu.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978, leo amekwishavuka 65. Kwa mkazi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, umri huo mara nyingi huja na macho yanayofifia, shinikizo la damu na safari ngumu ya kwenda hospitali wakati wa masika, pale mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inapofurika.

Vikundi vya kujitolea vinavyotaka kuwahudumia wazee hao hukutana na swali moja: fedha zitatoka wapi? Wengi hutafuta mfadhili mwenye mfuko maalumu wa wapiganaji wa zamani. Ukweli ni kwamba mifuko yenye jina hilo ni michache mno. Iliyopo kwa wingi ni ile ya afya, wazee, watu wenye ulemavu na haki za kisheria. Asasi inayoutambua ukweli huo mapema huokoa muda ambao wazee hawana.

Mpiganaji wa vita vipi?

Hatua ya kwanza ni kuyatenganisha makundi, kwa kuwa kila moja lina mlango wake.

Kundi la kwanza ni la waliopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939 hadi 1945). Takriban watu 87,000 kutoka Tanganyika waliingia jeshini, na wengine walifika Ethiopia, Madagaska na Burma wakiwa na kikosi cha King's African Rifles (KAR). Waliobaki ni wachache sana, wakiukaribia au kuuvuka umri wa miaka 100, lakini wapo pia wajane.

Kundi hili husaidiwa na Royal Commonwealth Ex-Services League, taasisi yenye makao yake London. Husaidia waliotumikia majeshi ya Uingereza kabla ya nchi zao kupata uhuru, pamoja na wajane wao. Novemba 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa ajili ya wazee na wajane wapatao 7,000 katika nchi za Jumuiya ya Madola, lengo likiwa kuwawezesha kupata milo miwili kwa siku.

Hata hivyo, taasisi hiyo hufanya kazi kupitia vyama wanachama, na kwa hapa nchini ni Tanzania Legion and Clubs (TLC). Kikundi cha Kyela kilichogundua mjane wa askari wa KAR kinapaswa kupeleka taarifa zake TLC, badala ya kuandika mradi wake chenyewe.

Kundi la pili ni la wanajeshi waliostaafu JWTZ kwa utaratibu wa kawaida. Hawa wana haki ya pensheni kwa mujibu wa sheria, hivyo shida yao huwa ni kumbukumbu zilizopotea, malipo yaliyosimama au mirathi. Hapo kinachohitajika ni msaada wa kisheria.

Kundi la tatu ni la mgambo wa mwaka 1978 na wajane wao. Kushiriki vita peke yake hakumpi mtu pensheni ya kila mwezi, kwa sababu pensheni hufuata utumishi. Mlango wa London nao hauwahusu, kwani walipigana Tanzania ikiwa huru. Hili ndilo kundi linalohitaji zaidi asasi ya karibu nalo, na ndilo ambalo wafadhili hawalioni endapo halikuandikwa kwa jina la hitaji lake.

Hitaji ndilo linaloombewa fedha

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kwa kipimo hicho, mpiganaji yeyote wa Kagera ni mzee, na asasi inaweza kuomba fedha za huduma za wazee bila kulazimika kutafuta mfuko wa kijeshi.

Kadhalika, aliyepoteza mguu, jicho au usikivu anaingia katika mifuko ya watu wenye ulemavu. Taasisi ya Abilis ya Finland, kwa mfano, imewahi kufadhili vikundi vya watu wenye ulemavu nchini. Kwa upande wa sheria, Legal Services Facility (LSF), iliyoanzishwa mwaka 2011, imekuwa ikitoa ruzuku kwa mashirika ya wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao ilitambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi mwaka 2003, imejikita zaidi katika utawala bora na uwajibikaji. Andiko la kuomba mchele na blanketi halina nafasi kubwa huko. Lakini andiko la kufuatilia iwapo wazee wa kata fulani wanapata matibabu bila malipo kama sera inavyoelekeza linalingana na malengo yake.

Nao Ubalozi wa Japan umekuwa na mpango wa misaada midogo kwa miradi ya jamii, ambao hulenga zaidi majengo na vifaa kuliko mishahara na gharama za uendeshaji.

Isichanganywe ruzuku na mkopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo mgawanyo wake ni asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Unafaa kwa biashara ya wapiganaji wenye ulemavu, lakini haufai kugharamia dawa, kwa kuwa dawa hairejeshi mkopo.

Karatasi kwanza

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kulipwa kwa mishahara ambayo askari wa Kiafrika wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa wakiidai tangu Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo viliugusa pia mpaka wa Kyela ya leo, kwani Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka Mto Songwe na kwenda kushindwa karibu na Karonga.

Inasimuliwa kwamba wazee zaidi ya 300 walijitokeza Mwanza kudai malipo, lakini waliokuwa na vyeti walikuwa wachache. Ofisa aliyeleta fedha akampa kila mmoja mpini wa ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha. Hakuna aliyeshindwa.

Mfadhili wa leo hatakuja na ufagio. Ataomba orodha yenye jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kikosi, kumbukumbu iliyopo na hitaji la kila mmoja. Pale ambapo cheti kilioza au kuchukuliwa na mafuriko, barua ya mtendaji wa kijiji na ushahidi wa wenzake waliopigana pamoja huanza kujenga hoja. Orodha hiyo haigharimu zaidi ya daftari na nauli, na inapaswa kuandaliwa kabla ya tangazo lolote la ruzuku kutoka.

Sambamba na orodha ni usajili. Asasi isiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, na pa kuanzia ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya. Baada ya marekebisho ya mwaka 2019, cheti hudumu miaka 10 na huhitaji kuhuishwa. Marekebisho hayo pia yalivitenga vikundi vidogo vya kijamii na asasi za sheria hiyo, hivyo ni muhimu kusoma iwapo mfadhili anapokea vikundi vya aina hiyo. Akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja ni ya lazima.

Andiko lenye hesabu

Andiko linalosema "kuwasaidia wapiganaji wa zamani" halimwambii mfadhili chochote. Linalosema wazee 40 wa kata za Matema, Ikolo na Mwaya watapimwa macho na shinikizo la damu mara nne kwa mwaka linapimika.

Bajeti nayo ifuate shughuli. Kwa mfano, ikiwa wazee 40 watatembelewa mara moja kwa mwezi, na nauli ya kumfikia kila mmoja ni Sh 6,000, gharama kwa mwezi ni Sh 240,000 na kwa mwaka ni Sh 2,880,000. Hesabu ya namna hiyo humpa mfadhili imani kuliko Sh milioni 3 zilizoandikwa kwa mkupuo chini ya neno "usafiri".

Ratiba nayo iheshimu mazingira. Kliniki ya kuhamahama iliyopangwa Aprili huko Kyela inaweza kukwama kwenye tope, na ripoti ya robo ya kwanza ikaonyesha kazi ambayo haikufanyika. Kazi za mbali zipangwe kati ya Juni na Oktoba. Mchango wa wanachama, uwe mpunga, kakao au nguvukazi, uthaminiwe na kuandikwa.

Fedha zikipatikana, uwazi ni sharti la sheria. Kanuni za mwaka 2018 ziliitaka asasi inayopata zaidi ya Sh milioni 20 kuzitangaza hadharani na kuuwasilisha mkataba wa ufadhili kwa Msajili. Asasi inayoshindwa kueleza ilivyotumia ruzuku ya kwanza ni nadra kupewa ya pili.

Ruzuku huchukua miezi kadhaa tangu andiko kuwasilishwa hadi fedha kuingia benki. Kwa mzee wa miaka 70 anayesubiri miwani, miezi hiyo ni mingi. Kwa mjane wa askari wa KAR, huenda asiwe nayo. Hivyo kikundi chenye nia kisisubiri tangazo: kianze sasa na daftari la majina, kijiji kwa kijiji.