Kesi ya Mezani kwa Mkuu wa Kikosi

Tuseme askari kijana amepewa likizo kwenda kwao Nalasi, karibu na mpaka wa Msumbiji. Mvua za Machi zikakata barabara, akaripoti kikosini siku mbili baada ya ruhusa kwisha. Jeshini huo ni utoro, na una kifungu chake. Hata hivyo, ni nani ataitisha mahakama ya kijeshi, na mawakili juu, kwa siku mbili za matope?

Kesi ya namna hiyo huishia mezani kwa mkuu wa kikosi. Katika majeshi yaliyorithi desturi za Kiingereza, mtuhumiwa huingizwa kwa mwendo wa paredi, bila kofia wala mkanda, sajini meja akimpigia hatua. Shtaka husomwa, shahidi akasema, naye akajitetea. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, humpa kamanda mamlaka ya kuamua makosa madogo kwa karipio, faini na adhabu nyingine za kinidhamu.

Doso, yaani adhabu ya papo kwa papo ya mazoezi, ni jambo jingine. Kuruka kichura na pushapu za afande, ambazo waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hawazisahau, hazina shtaka wala shahidi.

Askari wa zamani walionja makali zaidi. Enzi za Wajerumani, “hamsa ishirini”, yaani viboko 25, ilitisha kila palipokuwa na boma, na askari mwenyewe hakusalimika. Waingereza walifuta viboko katika jeshi lao mwaka 1881, lakini askari wa King’s African Rifles (KAR), jeshi lao la Waafrika, Wayao wakiwamo, waliendelea kuchapwa kisheria hadi miaka ya 1940. Taji lilikuwa lile lile. Mgongo ndio uliotofautiana.

Leo ugomvi ni kwamba kamanda anayempandisha mtu cheo ndiye pia hakimu wake. Marekani humruhusu askari kukataa hukumu ya kamanda na kudai mahakama, isipokuwa aliye melini. Huko melini, hadi mwisho wa 2018, baharia wa cheo cha chini aliweza kufungiwa siku tatu kwa mkate na maji. Kwa anayeruhusiwa kukataa, tatizo ni kwamba mahakama yaweza kumpa adhabu kubwa zaidi, kwa hiyo wengi humeza tu. Uingereza imeliziba tundu hilo: anayechagua mahakama hapewi adhabu inayozidi uwezo wa kamanda wake, na tangu 2000 anaweza pia kukata rufaa.