Nguzo za Kupigilia Katika Ardhi Inayobadilika

Nguzo ya kupigilia ni gogo la mti, bomba la chuma au mche wa zege wenye nondo unaogongwa kwa nyundo nzito hadi uzame ardhini, kisha jengo au daraja likasimama juu yake. Hutumika pale ambapo udongo wa juu ni laini, na msingi wa kawaida ungetitia. Nguzo hubeba mzigo kwa njia mbili: ncha yake hukaa kwenye tabaka gumu, na ubavu wake hushikwa na udongo unaouzunguka, kama ubao unavyoushika msumari. Nyingi hutegemea njia zote mbili, na mhandisi lazima akadirie kila moja itabeba kiasi gani.

Makadirio hayo yangekuwa mepesi kama ardhi ingekuwa ya aina moja. Lakini kingo za mito na delta zimejengwa na maji, na mto huhama. Mkondo wa zamani hujaa tope na mfinyanzi, huku hatua chache pembeni kukiwa na mchanga ulioshikamana, hivyo nguzo mbili za jengo moja zinaweza kuhitaji urefu tofauti kabisa. Pwani nako kuna mtego wake. Mwamba wa matumbawe, kama ule wa mwambao wa Afrika Mashariki, huwa na mapango na mifuko ya mchanga ndani yake. Nguzo inaweza kugota juu yake ikaonekana imefika, kumbe chini kuna uwazi.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuchimba matundu membamba ya uchunguzi. Bomba la kuchukulia sampuli hushushwa ndani ya tundu na kugongwa kwa uzito wa kilo 63.5 unaoangushwa kutoka kimo cha sentimita 76. Mapigo ya sentimita 15 za mwanzo hayaingii kwenye hesabu, kwa kuwa udongo wa hapo umevurugwa na uchimbaji. Hutumika yale ya sentimita 30 zinazofuata. Yakiwa chini ya 10, mchanga umelegea. Yakizidi 50, umeshikamana sana. Hata hivyo, tundu huonyesha kilichopo hapo lilipochimbwa tu. Mistari inayochorwa kuunganisha matabaka ya tundu moja na jingine ni makisio, hata ikichorwa kwa ustadi namna gani. Kubana fedha za uchunguzi ni akiba ya uongo: nguzo zikishaanza kupigiliwa, kila siku ya kusimamisha kazi hugharimu fedha nyingi.

Panapoonekana tofauti kubwa, eneo hugawanywa katika kanda, na kila kanda ikapewa urefu wake wa nguzo. Kuna hatari moja ambayo ni rahisi kuisahau. Kifusi kikimwagwa juu ya mfinyanzi laini, mfinyanzi huo hujibana polepole kwa miaka na kushuka, na katika kushuka kwake huivuta nguzo kuelekea chini. Msuguano uliotarajiwa kuisaidia nguzo hugeuka kuwa mzigo wa ziada.

Usanifu huendelea hadi siku ya kupigilia. Nguzo huchorwa mistari ya rangi tangu nchani hadi kichwani, na mtu husimama kando na daftari akihesabu mapigo ya mstari mmoja hadi mwingine. Daftari hilo ndilo uchunguzi wa kweli wa ardhi, kwa sababu hupima mahali penyewe nguzo ilipo. Mapigo yakipungua ghafla, huenda ncha imetoboa tabaka gumu na kuingia laini. Yakiongezeka mapema kuliko michoro ilivyotabiri, huenda imekutana na jiwe, au na utando mwembamba wa mchanga usioweza kubeba kitu. Kuendelea kugonga bila kufikiri hupasua kichwa cha zege au kupinda chuma kule chini, jicho lisikofika.

Mapigo peke yake nayo hudanganya. Mwaka 1960 mhandisi Mmarekani E. A. L. Smith alichapisha njia ya kukokotoa kwa kompyuta jinsi wimbi la pigo linavyosafiri ndani ya nguzo. Siku hizi vipimo hufungwa karibu na kichwa cha nguzo kusoma mkazo na mwendo wake kila nyundo inapotua. Lakini hata vipimo hivyo husema hali ya wakati huo tu. Katika mfinyanzi, kupigilia huyabana maji yaliyomo na kuudhoofisha udongo. Maji yakitawanyika baada ya siku au wiki kadhaa, udongo huikamata nguzo kwa nguvu zaidi. Katika baadhi ya michanga ya chembe ndogo iliyoshikamana na yenye maji, hutokea kinyume: nguzo iliyokuwa ngumu kuzama hulegea baadaye. Dawa yake ni kuiacha nguzo ipumzike, kisha kuigonga tena na kupima.

Daraja la Padma nchini Bangladesh, lenye urefu wa kilomita 6.15 na lililofunguliwa Juni 2022, lilikutana na mabadiliko ya ardhi katikati ya ujenzi. Mafuriko ya Mto Padma yanaweza kukomba makumi ya mita za mchanga wa sakafuni, na sehemu ya juu ya nguzo ikabaki bila udongo wa kuishika. Mabomba ya chuma yenye kipenyo cha mita 3 yalipigiliwa kwa mshazari hadi kina cha zaidi ya mita 100. Mihimili 40 inayosimama mtoni ilipangiwa nguzo sita kila mmoja. Ndipo matabaka ya mfinyanzi yakagunduliwa kwenye kina ambako ncha za nguzo nyingi zilitarajiwa kukaa katika mchanga. Mihimili 22 ilisanifiwa upya: kila mmoja uliongezewa nguzo ya saba, iliyosimama wima katikati, na katika baadhi yake uji wa saruji ulisukumwa ubavuni mwa nguzo ili kuongeza msuguano. Mihimili 18 ilibaki na nguzo sita, na nguzo 240 za michoro ya awali zikawa 262.