Je, Mbwa Apewe Aiskrimu?

Nilipohamishwa kikazi kutoka Gitega kwenda Muyinga, nilifuatana na mbwa wetu mlinzi. Jumapili moja yenye jua kali, mwanangu alimgawia nusu ya aiskrimu yake ya maziwa. Usiku kucha mnyama yule aliharisha.

Sababu haikuwa ubaridi, bali maziwa. Mtoto wa mbwa huweza kumeng'enya sukari ya maziwa. Akishaachishwa kunyonya, uwezo huo hupungua. Kulamba kidogo aghalabu hakudhuru, lakini bakuli zima humchafua tumbo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni vile vinavyochanganywa ndani. Kakao ina theobromini, ambayo huuendesha mbio moyo wa mbwa. Zabibu kavu huweza kuharibu figo. Na zailitoli, inayotiwa katika baadhi ya vyakula visivyo na sukari, ni sumu kali: gramu 1 tu yaweza kushusha sukari katika damu ya mbwa wa kilo 10, pengine kabla nusu saa haijapita.

Basi soma kwanza maandishi ya pakiti. Mbwa akila vitu hivyo, usingoje mpaka ayumbe au atapike. Mpeleke upesi kwa mganga wa mifugo pamoja na pakiti yenyewe.

Wakati wa joto maji safi yamtosha. Ukipenda kumfurahisha, mpe kipande cha ndizi mbivu iliyogandishwa. Hivyo ndivyo afanyavyo mwanangu sasa, na mlinzi wetu yu mzima langoni.