Chanjo ya mafua: mbona mahujaji wanaijua na jirani zao hawaijui?

Kila mwaka kuna watu wa Mombasa wanaozungumziwa habari za chanjo ya mafua bila mzozo wowote. Hao ni mahujaji. Kabla ya safari ya Makka, hujaji lazima achanjwe dhidi ya homa ya uti wa mgongo, kwani Saudi Arabia imelifanya hilo sharti. Pamoja na sharti hilo, wizara ya afya ya huko huwahimiza mahujaji wapate pia chanjo ya mafua ya msimu, hasa wazee, wajawazito na wenye maradhi sugu. Mzee wa Majengo akishaambiwa hivyo hunyoosha mkono, akadungwa, akarudi nyumbani kufunga mizigo.

Mwaka unaofuata mzee yuleyule, na sukari yake ileile, hana habari na chanjo hiyo. Hasafiri, basi hakuna aliyemwambia. Msongamano, lakini, haukubaki Mina na Arafa. Yuko nao hapa kila siku: kwenye feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya matatu iliyofungwa madirisha kwa ajili ya mvua, Marikiti, msikitini siku ya Ijumaa, na kwenye nyumba za vyumba sita zenye familia sita.

Nadhani kikwazo cha kwanza ni neno lenyewe. Mafua kwetu ni makamasi na chafya, kitu cha kutibiwa kwa tangawizi, ndimu na asali, na ukizidiwa unajifukiza. Hakuna ubaya, kwa sababu makamasi mengi ni hayo tu: yanaletwa na virusi vya aina nyingi na huondoka yenyewe. Chanjo ya mafua haina kazi na makamasi hayo. Inalenga virusi vya aina moja, influenza, ambavyo huja kwa kishindo. Mtu anaamka mzima, jioni ana homa kali, viungo vinamuuma kama aliyepigwa, kifua kikavu, na wiki nzima hawezi kwenda kazini. Mombasa wengi wanaougua hivi hudhani ni malaria, wakanunua dawa ya malaria bila kupima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya kupumua pekee. Pekee, kwa sababu madhara yake hayaishii kifuani. Utafiti uliofanywa Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2018 uliona kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na influenza, hatari ya kushikwa na mshtuko wa moyo ilipanda mara sita hivi. Hebu tufikirie vifo vingapi vya "presha ilipanda ghafla" tumevizika mjini hapa, na marehemu alikuwa na homa juma lile.

Na si ugonjwa wa Wazungu wa nchi za baridi, ingawa wengi huamini hivyo. Janga la influenza la mwaka 1918 liliingia nchi hii kupitia bandari yetu. Siku hizi hospitali kuu ya Pwani hapa Mombasa imekuwa miongoni mwa hospitali ambamo sampuli za wagonjwa huchukuliwa kupimwa influenza, kazi iliyoanza kitaifa miaka ya 2000. Kipimo hicho kimeonyesha kwamba Kenya haina msimu mmoja wa influenza kama Ulaya. Virusi vipo mwaka mzima, na huongezeka mara mbili: karibu Februari na Machi, kisha tena kuanzia Julai hadi kwenye Novemba. Wazee wetu waliosema kusi huja na vifua hawakukosea sana, ila anayeambukiza ni mtu aliye karibu nawe, upepo hauna hatia.

Sasa, mbona watu hawachanjwi? Jibu la haraka ni kwamba wanaogopa. Wapo wanaoogopa, na nitawajibu. Lakini mtu hawezi kukataa kitu ambacho hajawahi kupewa. Mama akimpeleka mtoto kliniki, kijitabu chake kina chanjo ya kifua kikuu, polio, nimonia, kuhara, surua na nyenginezo, zote bila malipo. Ya influenza haimo. Mgonjwa wa sukari anaweza kuhudhuria kliniki ya hospitali ya umma miaka kumi, akapimwa, akapewa vidonge, akaonywa juu ya chapati na mahamri, asisikie neno chanjo hata siku moja. Anayeitaka huenda hospitali ya binafsi au duka kubwa la dawa, akalipa mwenyewe isipokuwa kama kazini kwake kuna bima nzuri. Familia ya watu saba inayoishi kwa kibarua cha siku haianzi hata kuuliza bei.

Muuzaji naye ana hesabu zake. Chanjo hii lazima ikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na shehena ya mwaka huu haiuziki mwakani. Kwa hiyo huagiza kidogo. Wateja wachache waliokuja wakaambiwa imekwisha hawarudi, na mwaka unaofuata anaagiza kidogo zaidi.

Haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka 2016 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali kuhusu chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe influenza kila mwaka. Pendekezo halikuwa na pesa nyuma yake. Gavi, shirika lililotusaidia kugharimia chanjo nyingi za watoto, haligharimii hii ya mafua ya msimu. Ununuzi wa chanjo za umma umebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, wakati zahanati na wauguzi ni wa kaunti, na hapo ndipo kila mmoja humtazama mwenzake.

Niwarudie wenye hofu. Ya kwanza: ati chanjo yenyewe inaleta mafua. Sindano inayotumika sana ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, na kitu kilichokufa hakiwezi kukuambukiza. Mkono utauma, na pengine upate homa ndogo siku moja au mbili, ambayo ni mwili kujifunza. Aliyeugua sana baada ya sindano mara nyingi alikwisha ambukizwa, au aliambukizwa kabla kinga haijakamilika, kwani huchukua wiki mbili hivi.

Ya pili ni ya halali na haramu, na isidharauliwe. Uingereza, ambako wengi wetu tuna jamaa, watoto wa shule hupewa chanjo ya mafua ya kupuliza puani, na hiyo ina jelatini ya nguruwe. Wazazi wa Kiislamu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza. Wanaoikataa kwa sababu hiyo hupewa sindano isiyo na jelatini. Habari za ile ya puani zimefika kwetu kwa simu za jamaa, watu wakazibandika kwenye sindano ambayo ni kitu tofauti. Mwenye shaka amwombe muuguzi karatasi iliyo ndani ya kisanduku, viambato vyote vimeandikwa humo.

Ya tatu ndiyo naiona ya haki zaidi: "Nilichanjwa na bado niliugua." Hutokea. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vyema na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua hadi kufika kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60 hivi. Si ngao ya chuma. Faida yake kubwa ni kwa yule ambaye angelazwa kwa oksijeni, akaishia kulala kitandani kwake. Wanaoitangaza kama kinga kamili wanaiharibia jina.

Na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hivi hubadilika sura, na kinga ya mwilini hupungua. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari kuchagua virusi vya chanjo ya kaskazini mwa dunia, na Septemba vya kusini. Hata idadi ya virusi ndani yake imebadilika. Ukoo mmoja wa influenza B, uitwao Yamagata, haujaonekana tangu Machi 2020, na chanjo nyingi zimerudi kutoka aina nne hadi tatu.

Kama ningeulizwa pa kuanzia kwa pesa chache, nisingeanza na mji mzima. Ningeanza na wauguzi na madaktari, ambao huambukizwa na wagonjwa kisha wakawaambukiza wengine. Kisha kliniki za sukari na presha, ambako watu wanaohitaji kinga hii tayari wamekaa kwenye mabenchi na majina yao yameandikwa. Kisha wajawazito. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi kuchanjwa influenza kabisa, na kinga pekee ya chanjo anayoweza kuwa nayo ni ile aliyopitishiwa na mamake tumboni. Tuna kliniki za wajawazito kila mtaa, na kina mama wetu wamezoea kudungwa pepopunda humo. Kuongeza sindano moja si kujenga kitu kipya. Wawakilishi wa wadi wanaojadili bajeti ya afya ya kaunti waulizwe hili, na waulizwe kabla bajeti haijapitishwa.

Kwa anayemudu kulipa mwaka huu, Aprili na Mei ni miezi mizuri, kinga ikae mwilini kabla Julai haijafika. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, zikiachana wiki nne. Aliyewahi kupata mzio mkali kutokana na chanjo hii amwone daktari kwanza. Na kabla ya kutoa pesa, omba uonyeshwe kisanduku. Mbali na tarehe ya kuisha, huandikwa msimu: mwaka mmoja kwa chanjo ya kusini, miaka miwili iliyotenganishwa kwa mkwaju kwa ile ya kaskazini. Mombasa iko kusini ya ikweta, ila kwa vile virusi vyetu havina likizo, aliyekosa ya kusini achukue ya kaskazini ikiwa ni ya msimu huu. Ya msimu uliopita mwachie muuzaji.